Griffith Evans: daktari wa farasi aliyekiona kimelea, wakubwa wakakataa

Wafugaji wa ngamia wa Marsabit, Isiolo na Turkana wanaujua ugonjwa huu, ingawa kila jamii ina jina lake. Ngamia anakula kama kawaida lakini anakonda. Homa inakuja, inaondoka, kisha inarudi. Nundu inapungua, manyoya yanapoteza mng'ao, majike wanatupa mimba. Wengine hufa haraka, na wengine hudhoofika taratibu kwa miaka. Wataalamu wanauita surra, na kimelea kinachouleta wanakiita Trypanosoma evansi.

Hilo neno la mwisho limetoka kwenye jina la mtu. Alikuwa Griffith Evans, daktari wa farasi katika jeshi la Uingereza, aliyekiona kimelea hicho kwenye damu ya farasi mwaka 1880. Wiki hii tunasimulia maisha yake. Tumemchagua kwa sababu wasikilizaji wengi hutuuliza kwa nini magonjwa ya mifugo yanayoweza kumpata binadamu huchelewa kushughulikiwa. Maisha ya Evans yana jibu moja la swali hilo, na jibu lenyewe halipendezi.

Mtoto wa mkulima

Evans alizaliwa tarehe 7 Agosti 1835 katika shamba linaloitwa Tŷ Mawr, karibu na mji mdogo wa Tywyn, pwani ya Wales. Lugha ya watu wa huko ni Kiwelshi, na maisha yao yalikuwa ya kondoo, ng'ombe na farasi wa kulimia. Alikwenda London kusomea udaktari wa wanyama, akahitimu mwaka 1855 akiwa hajatimiza miaka ishirini na mmoja. Baada ya miaka michache ya kutibu mifugo ya watu, aliingia jeshini kama daktari wa farasi katika kikosi cha mizinga.

Kwa msikilizaji wa leo huenda ikawa vigumu kuelewa farasi alikuwa na maana gani kwa jeshi la wakati ule. Farasi ndiye aliyevuta mizinga, ndiye aliyebeba askari, ndiye aliyepeleka barua na chakula. Kikosi kilichopoteza farasi wake hakikuweza kwenda popote. Kwa hiyo daktari wa farasi alihitajika sana, lakini kuhitajika hakukumpa heshima. Katika ngazi za jeshi alihesabiwa chini ya daktari wa watu, na wakubwa wengi walimwona kama fundi tu, mtu wa kwato na vidonda vya mgongoni.

Mwaka 1861 kikosi chake kilipelekwa Canada. Huko Montreal, Evans alifanya jambo ambalo wachache walilifanya. Huku akiendelea na kazi yake ya jeshi, alijiandikisha Chuo Kikuu cha McGill kusomea udaktari wa binadamu, akahitimu mwaka 1864. Mwaka huohuo alivuka mpaka kwenda Marekani kuona vita vya wenyewe kwa wenyewe, na akakutana na Rais Abraham Lincoln.

Hiyo safari ya Marekani tunaipita haraka, ingawa wengine wangeifanya makala nzima. Kwetu jambo kubwa ni lile la McGill. Kuanzia hapo Evans alikuwa na elimu zote mbili, ya mnyama na ya mtu. Alijifunza pia kutumia hadubini, kifaa cha kukuza vitu visivyoonekana kwa macho, wakati madaktari wengi wa farasi hawakuwa nacho.

Kimeta Punjab

Mwaka 1877 alipelekwa India, iliyokuwa chini ya utawala wa Waingereza. Katika jimbo la Punjab, ambalo leo limegawanyika kati ya India na Pakistan, farasi wa jeshi walikuwa wakifa ghafla. Evans alitazama damu ya wagonjwa kwa hadubini, akaona vijidudu vyenye umbo la vijiti. Farasi wale walikuwa na kimeta.

Leo hilo linasikika kama jambo dogo. Lakini ni mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu Robert Koch, daktari wa Ujerumani, athibitishe mwaka 1876 kwamba vijiti vile ndivyo vinavyoleta kimeta. Sehemu kubwa ya madaktari duniani bado walikuwa wakisema maradhi hutokana na hewa mbaya, na wengi waliona ajabu kwamba kiumbe kidogo namna ile kinaweza kumwangusha farasi.

Tutulie kidogo kwenye kimeta, kwa sababu hapa ndipo hatari ya kazi ya daktari wa farasi inapoonekana wazi. Ili ajue farasi amekufa kwa nini, daktari wa zamani alikuwa na njia moja kuu, nayo ni kumpasua. Alipasua kwa mikono mitupu, kwenye joto, huku nzi wamejaa. Glavu za mpira hazikuwa zimeanza kutumika hata hospitalini. Na katika kimeta, kupasua ndiko kunakoeneza ugonjwa. Damu ikimwagika na kukutana na hewa, vijidudu hujifunga ndani ya ganda gumu na kuweza kukaa ardhini kwa miaka mingi sana, vikingoja mnyama mwingine aje kulisha hapo. Mwenye mchubuko mkononi huota kidonda chenye kovu jeusi. Akivuta vumbi lake au akila nyama yake, hali huwa mbaya zaidi.

Ndiyo maana maofisa wa mifugo wa leo hawampasui mnyama wanayemshuku kuwa na kimeta. Huchukua damu kidogo tu, mara nyingi kwenye sikio, na kuipima. Msikilizaji ukikuta ng'ombe, punda au mbuzi amekufa ghafla, damu inatoka puani, mdomoni au sehemu ya haja na haigandi, usimchune wala usigawe nyama. Wazuie mbwa, mfunike, na upige simu kwa ofisa mifugo wa kata au wadi yako. Mzoga huchomwa au kuzikwa kwa kina, papo hapo alipoanguka, bila kuburutwa.

Kimeta hakikuwa peke yake. Kulikuwa na ugonjwa mwingine wa farasi na punda, unaoleta kamasi nzito, vidonda puani na vinundu vya usaha kwenye ngozi. Waingereza huuita glanders. Ugonjwa huo humpata binadamu pia, na kabla ya dawa za kisasa karibu kila aliyeupata kwa ukali alikufa. Waliokufa walikuwa wachunga farasi, madaktari wa farasi na watafiti wa maabara. Otto Kalning, daktari wa wanyama wa Urusi, alikuwa mmoja wa wawili waliotengeneza kipimo cha kuugundua mapema, na mwaka 1891 ugonjwa huohuo ukamuua. Kipimo chake ndicho kilichowezesha nchi nyingi kuutokomeza. Uingereza iliumaliza mwaka 1928, baada ya kupima farasi na kuwaua wote waliokutwa nao, na daktari ndiye aliyelazimika kumwambia mwenye farasi anayeonekana mzima kwamba mnyama wake lazima auawe.

Dera Ismail Khan, 1880

Sasa tufike kwenye kazi iliyompa Evans jina. Kati ya mwaka 1878 na 1880 Waingereza walikuwa wakipigana vita Afghanistan. Ngamia waliobeba mizigo walikufa kwa maelfu, kwa njaa, kwa kazi na kwa maradhi. Karibu na mpaka, katika mji wa Dera Ismail Khan kando ya Mto Indus, farasi wa askari wa Punjab walikuwa wakifa kwa ugonjwa ambao wenyeji waliuita surra. Serikali ya Punjab ilimwagiza Evans aende akachunguze.

Alichokikuta kilifanana na anachokiona mfugaji wa ngamia leo, isipokuwa kwa farasi mambo huenda kasi zaidi. Farasi alikuwa na hamu ya kula, lakini nyama ilimwisha mwilini. Homa ilipanda na kushuka. Miguu na tumbo vilivimba. Ute wa macho ulipauka na kutoka madoa ya damu. Mwishowe alishindwa kusimama. Kwa ngamia ugonjwa ulikwenda polepole, na wenyeji waliuita kwa jina lenye maana ya miaka mitatu, kwa kuwa mnyama aliweza kuishi nao muda huo.

Evans aliweka tone la damu chini ya hadubini, akaona viumbe vidogo vyenye mkia, vikijinyonganyonga kati ya chembe za damu kama mikunga majini. Alivikuta kwa farasi, akavikuta na kwa ngamia. Kisha akafanya lile ambalo mtu makini hulifanya. Alichukua damu ya farasi mgonjwa akaitia kwa farasi wazima, na pia kwa mbwa. Waliotiwa damu hiyo wakaugua vilevile, na viumbe vilevile vikaonekana ndani ya damu yao.

Wenyeji walimweleza kwamba ugonjwa huletwa na inzi wakubwa wanaouma, wale ambao sehemu nyingi za kwetu huitwa pange. Evans hakulidharau jambo hilo, akaliweka kwenye taarifa yake. Hapo tunampa sifa ya pekee, kwa sababu maofisa wengi wa kikoloni hawakuwa na mazoea ya kumsikiliza mchunga ngamia. Mwaka 1901 mtafiti Leonard Rogers, akiwa India, alithibitisha kwamba inzi hao kweli hubeba kimelea kutoka kwa mnyama mmoja hadi mwingine, kwa damu inayobaki mdomoni mwao.

Evans aliandika taarifa yake mwaka huohuo wa 1880. Kwa maneno mepesi, alisema kwamba kiumbe hiki ndicho kinachoua, wala si hewa au majani waliyokula. Kwa kadiri ijulikanavyo, ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa mtu kuonyesha kwamba kimelea cha kundi la tripanosoma kinaua mnyama wa kufugwa.

Wakubwa walikataa

Wakuu wa tiba nchini India hawakukubali. Miaka michache kabla, Timothy Lewis, mtafiti aliyeheshimika sana huko Calcutta, alikuwa ameona viumbe vinavyofanana na hivyo katika damu ya panya, na panya wale walikuwa wazima. Basi hoja ikawa nyepesi, kwamba kama panya hafi, farasi atakufaje? Maoni yaliyotawala yakawa kwamba viumbe vile havina madhara, na kama vipo kwa farasi mgonjwa basi vimekuja kwa sababu ameugua, havikumfanya augue.

Hoja ile haikuwa ya kipumbavu, tukiri. Hata leo tunajua kwamba kimelea kinaweza kukaa kwa mnyama mmoja bila kumdhuru na kumuua mwingine. Popo wa Australia wana kirusi cha Hendra na hawaugui, lakini kikimfikia farasi kinamuua, na kupitia farasi kinamfikia mtu. Ila Evans alikuwa tayari ameleta ushahidi ambao hoja ya panya haikuujibu, yaani wale farasi wazima waliotiwa damu wakaugua. Ushahidi huo uliwekwa kando. Kwa maoni yetu, ungetoka kwa daktari wa watu wa cheo kikubwa, ungejadiliwa kwa uzito zaidi. Ulitoka kwa daktari wa farasi, mtu wa zizini.

Mwaka 1885 John Henry Steel, daktari mwingine wa wanyama, alitumwa Burma ambako nyumbu wa jeshi walikuwa wakifa. Alikuta kiumbe kilekile na akakipa jina la Evans. Alikosea jamii ya kimelea, akadhani ni ya wale wanaoleta homa ya kurudiarudia kwa binadamu, lakini jina la evansi likabaki. Mwaka huo Evans alirudi Uingereza, na miaka mitano baadaye akastaafu jeshi.

Gharama ya kuchelewa

Mwaka 1895 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alikuwa Ubombo katika nchi ya Wazulu, Afrika Kusini, pamoja na mkewe Mary aliyemsaidia kazi ya hadubini. Ng'ombe na farasi walikuwa wakifa kwa nagana. Alikuta kimelea cha ukoo uleule alioueleza Evans miaka kumi na mitano kabla, na akaonyesha kwamba huku kwetu kinabebwa na mbung'o. Baadaye kikaitwa Trypanosoma brucei, kwa jina lake.

Halafu ikaja zamu ya watu. Kuanzia karibu na mwaka 1900, ugonjwa wa malale ulienea Busoga, Uganda, na kwenye visiwa na mwambao wa Ziwa Victoria. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 200,000 walikufa katika miongo miwili. Vijiji vilihamwa, na visiwa vizima vikaachwa bila watu kwa amri ya serikali. Wataalamu walipofika mwaka 1902 walihangaika kwanza na dhana za bakteria, ndipo mwaka 1903 ikathibitika kwamba malale huletwa na tripanosoma na kwamba mbung'o ndiye mbebaji.

Hatusemi kwamba wakubwa wa India wangemsikiliza Evans, watu wa Busoga wangepona. Dawa haikuwapo, na ukoloni wenyewe ulikuwa umewahamisha watu na mifugo kwa namna iliyosaidia ugonjwa kuenea. Lakini somo la kwamba kiumbe chenye mkia kinachoogelea kwenye damu kinaweza kuua lilikuwa limekaa ndani ya taarifa ya daktari wa farasi kwa zaidi ya miaka ishirini. Waliopaswa kuwa wameshalisoma walianza upya.

Kuna jambo lingine la ajabu. Watafiti wa leo wanaamini kwamba kimelea cha surra kilitokana na kile cha nagana cha Afrika. Ngamia walioambukizwa na mbung'o walisafiri kwenda kusikokuwa na mbung'o, na kimelea kikajizoeza kubebwa na inzi wa kawaida wanaouma. Hivyo ndivyo kilivyoenea Afrika Kaskazini, Arabuni na Asia. Kile ambacho Evans alikiona Punjab mwaka 1880 kina asili ya bara letu.

Uzeeni

Evans alikwenda kuishi Bangor, kaskazini mwa Wales. Kwa miaka mingi alifundisha chuoni hapo afya ya mifugo, wanafunzi wake wakiwa vijana wa mashamba kama lile alikozaliwa. Dunia ilimkumbuka taratibu. Mwaka 1917 Chuo cha Tiba ya Nchi za Joto cha Liverpool kilimtunuku Nishani ya Mary Kingsley. Alikuwa na umri wa miaka 82, na miaka 37 ilikuwa imepita tangu Dera Ismail Khan. Miaka hiyohiyo Ujerumani ilitengenezwa dawa ya suramini, ambayo iliponya malale kwa watu na surra kwa ngamia na farasi. Dawa ilikuwa moja kwa mtu na mnyama.

Alifikisha miaka mia moja Agosti 1935, na akafariki Bangor tarehe 7 Desemba mwaka huohuo.

Wanaoifanya kazi yake leo hawakosi hatari. Huko Queensland, Australia, kirusi cha Hendra kilijitokeza mwaka 1994. Kati ya watu saba wanaojulikana kuambukizwa, wanne walikufa, na wawili kati yao walikuwa madaktari wa wanyama waliowahudumia farasi wagonjwa. Chanjo ya farasi ilipatikana mwaka 2012, lakini si wafugaji wote walioikubali, na baadhi ya madaktari waliamua kutomgusa farasi asiyechanjwa. Wengine waliacha kabisa kutibu farasi. Hatuwezi kuwalaumu, maana farasi mwenye homa hasemi ana nini, na majibu ya maabara huja baada ya daktari kuwa ameshamshika.

Na kimelea cha Evans? Kwa zaidi ya karne moja kilihesabiwa kuwa cha wanyama tu, kwa kuwa damu ya binadamu ina kinga inayokiua. Kisha mwaka 2004 mkulima mmoja wa Maharashtra, India, alilazwa akiwa na homa ya kuja na kuondoka. Hadubini ilionyesha Trypanosoma evansi ndani ya damu yake. Uchunguzi ulibaini kwamba mwili wake ulikosa ile kinga kwa kuzaliwa. Alitibiwa kwa suramini, akapona.

Kwa upande wetu, wafugaji wa ngamia wanaoona dalili tulizozitaja mwanzoni wanaweza kumwomba ofisa mifugo achukue damu, tena apime zaidi ya mara moja, kwa sababu kuna siku kimelea hujificha na hadubini isione kitu. Dawa zipo, lakini ya ng'ombe si lazima imfae ngamia. Baadhi ya zinazotumika kwa ng'ombe ni sumu kwake, kwa hiyo usimchome sindano uliyobakiza zizini.